Dirisha la Mama Sampe

Mama Sampe alikuwa mgonjwa tangu mavuno ya mwaka juzi. Alilala chumba cha nyuma cha nyumba ya ukoo, amefunikwa shuka la kufuma mpaka kifuani, na kila asubuhi mkamwana wake Tappi alimpelekea kikombe cha kahawa na tambuu iliyokunjwa tayari. Kahawa haikunywewa na tambuu haikutafunwa. Bwana wa zahanati alikuwa amemdunga sindano zake za dawa siku ile ile aliyoacha kupumua, na tangu hapo bibi kizee alikauka taratibu, akawa mwepesi, ila hakuoza.

Watu wa pwani wakisikia habari hizi hushika vifua. Sisi wa milimani hatuoni ajabu. Mtu hawi maiti mpaka nyati wake wachinjwe na ndugu wakusanyike wamlie. Kabla ya hapo ni mgonjwa tu, na anayemwita marehemu mbele ya masikio yake hana adabu. Kwa kuwa hajafa, chakula chake huandaliwa, wageni humuaga kwa jina wakiondoka, na neno alilolisema linabaki pale pale alipolisema.

Hilo la mwisho ndilo lililokuwa likimtesa Tappi.

Tappi aliingia nyumba ile akiwa bibi arusi mwenye mashavu ya kujaa. Mwaka haukugeuka akazaa binti, wakamwita Bulaan, maana yake dhahabu. Kwetu mtu akishazaa, jina lake mwenyewe huwekwa kando na hakuna anayeligusa tena ila kwa ugomvi. Kwa hiyo kwa miezi michache Tappi alikuwa Mama Bulaan kila mahali, kisimani, kanisani, sokoni. Kisha homa ikaja wakati wa mvua. Bulaan alikufa kabla ya kuota jino.

Mtoto asiye na meno hapelekwi kwenye makaburi ya mwambani pamoja na watu wazima. Siku zile alipelekwa kwenye Mti. Ulikuwa mteremkoni, chini ya nyumba, katikati ya mianzi, mti wa tarra, jamaa ya mshelisheli, ambao ukiuchanja hutoa utomvu mweupe mzito, maziwa kabisa. Wanaume walichonga tundu kwenye shina, wakamkalisha mtoto humo bila sanda, miguu imekunjwa alivyokuwa tumboni, wakaziba kwa kijimlango cha nyuzi nyeusi za mti tunaogema tembo. Mti humnyonyesha. Shina hukua, tundu hujifunga polepole, na mtoto hukua nalo. Ndivyo tulivyolelewa kuamini, na mwenye cheko lake akachekee mbali.

Lakini kulikuwa na sharti. Tundu lilitakiwa kuipa nyumba kisogo. Na mama wa mtoto hakuruhusiwa kufika pale wala kutupa jicho, mpaka azae mwingine, maana mtoto akionana na mamaye atamvuta, na tumbo litafungwa.

"Zaa mwingine kwanza, ndipo utazame," Mama Sampe alimwambia. Akachukua ubao na misumari, akapigilia kwa mikono yake mwenyewe dirisha dogo la chumba cha nyuma, dirisha pekee la nyumba ile lililoelekea kwenye mianzi.

Tappi hakuzaa mwingine.

Sharti lililowekwa kwa mwaka mmoja au miwili likamla ujana wote. Akienda shambani kupalilia mpunga alizunguka njia ndefu ya kanisani. Akiogesha nyati, aliipa mianzi mgongo. Watu, kwa kumhurumia, waliacha kumwita Mama Bulaan, wakadhani wanamfunika kidonda. Wakaanza kumwita mke wa Sampe. Hakuna aliyemuuliza kama anataka kuhurumiwa hivyo. Nywele zikaingia mvi, hedhi ikakoma, na bado alikuwa mke wa Sampe asiyejua kaburi la mwanawe limekaaje.

Na kila mvua ilipokatika alisikia sauti ikitoka chini. Alimwambia mtu mmoja tu, Mama Allo, jirani yake, mwanamke mwenye watoto saba na mdomo wa watu kumi. Siku hiyo walikuwa wanapepeta mchele uani.

"Husikii?" Tappi alimuuliza.

"Nasikia nini? Vyura."

"Si vyura. Ni mtoto ananyonya."

"Ni vyura, wewe. Mvua imenyesha, vyura wamefurahi. Ungekuwa chura ungekaa kimya?"

"Vyura hawanyonyi, Mama Allo."

Mama Allo aliendelea kurusha ungo mara kadhaa, kisha akauweka chini. Alitazama mikono yake. "Hapana," alisema, kwa sauti ambayo Tappi hakuwahi kuisikia kwake. "Hawanyonyi." Akaokota ungo wake akaenda zake nyumbani, mchele haujaisha.

*

Sampe alitoa habari yake wakati wa chakula, mdomo umejaa wali, ili asilazimike kusema mengi.

"Nimeuza mianzi ile ya chini. Mianzi na miti yote iliyomo. Daeng Rurung atakuja na msumeno wake wa mashine."

Tappi aliweka kijiko chini. "Kwa nini?"

"Mama atalala humo ndani mpaka lini? Watu wanasema. Nataka nyati wenye madoa, si hawa weusi tu. Wana wa baba mdogo walichinja wa madoa kwa baba yao, mimi nishindwe?"

"Uza shamba la juu."

"La juu tunakula."

"Uza mbao za ghala bovu. Uza pikipiki. Uza meno yako ya dhahabu, Sampe, kwani unamtabasamia nani?"

"Mambo ya mazishi ni ya wanaume."

"Na Mti?"

Hapo Sampe aliangalia sahani. "Mti umo kwenye mianzi."

"Mtoto wako yumo kwenye Mti."

"Alikuwamo. Siku hizi ni mti tu."

Alisukuma sahani akainuka, wali karibu wote umebaki. Sampe hajawahi kuacha wali, hata siku aliyovunjika mguu. Tappi aliitazama ile sahani kwa muda mrefu. Mtu anayeuza mti wa kawaida humaliza chakula chake.

Tangu siku hiyo, kahawa ya asubuhi ilikwenda na ombi. Tappi alikaa pembeni ya godoro, akaweka kikombe, akafukuza nzi kwa upepeo.

"Mama, kahawa yako. Mama, watakata Mti. Niruhusu nikatazame mara moja tu kabla haujaanguka. Mimi sizai tena, tumbo hili hakuna tena cha kulifunga. Niruhusu."

Bibi kizee alitazama paa. Uso wake ulikuwa umeshikana na mifupa, kope zimeshuka nusu.

Siku ya pili akaomba tena. Ya tatu akapika na keki ya mchele aliyoipenda, ile ya sukari guru. Chini huko vijana wa Daeng walishaanza kufyeka mianzi kwa mapanga, na kila bua lilipoanguka liligonga wenzake, na nyati wetu waliofungwa kwenye boma walikuwa hawataki kushuka kunywa maji upande ule. Siku iliyofuata Tappi alishindwa kujizuia.

"Hata kope, Mama! Ulipokuwa unanikataza ulikuwa na mdomo. Leo nakuomba unilegeze, unajifanya huna! Ni nani aliyekuosha haja zako ulipokuwa unapumua? Ni nani anayekukunjia tambuu mpaka leo? Umeninyima jina, umeninyima kaburi, na sasa unataka wamuangushe mwanangu ili ule nyati wa madoa?"

Alisikia aibu papo hapo. Kumpigia kelele mgonjwa! Akainama akalinyoosha shuka, akakusanya kile kikombe cha kahawa baridi, akatoka kinyumenyume kama adabu inavyotaka.

*

Asubuhi ya msumeno kulikuwa na ukungu na manyunyu. Tappi alikuwa jikoni anamimina kahawa mashine ilipoungurumishwa chini kule. Nyumba zetu husimama juu ya nguzo, hata paka akiruka utajua. Ile ngurumo ilipanda nguzoni, ikaingia sakafuni, ikampanda miguuni. Halafu sauti ya mashine ikabadilika, ikawa ya kutafuna, akajua imeingia kwenye shina.

Kifua kikamvimba. Akadhani ni moyo. Akatia mkono ndani ya blauzi, ukatoka umelowa. Alikuwa na umri wa kuitwa bibi, na maziwa yalikuwa yanamtoka, yakishuka mpaka kwenye mkanda wa saruni. Aliogopa, tena aliogopa sana. Lakini kikombe kilikuwa mkononi na desturi ni desturi, kwa hiyo alikwenda chumba cha nyuma kumpelekea mgonjwa kahawa yake.

Chumba kilikuwa na mwanga.

Hakikuwa na mwanga tangu Tappi akiwa kijana. Ubao wa dirisha ulikuwa umelala sakafuni, misumari yake imepinda, myekundu kwa kutu. Na Mama Sampe, ambaye kwa muda wote wa ugonjwa alikuwa anatazama paa, alikuwa amegeuza uso kuelekea dirishani. Shuka halikuharibika hata kunjo moja. Mwenye kutaka kusema ni mtikiso wa mashine, aseme. Misumari ilikuwa mikuukuu na mwili ulikuwa mwepesi. Tappi hakusema ni nini. Aliweka kikombe chini, akapita juu ya ubao, akatazama nje.

Mianzi ilikuwa imekwisha. Mti ulisimama peke yake kwenye visiki, mkubwa kuliko alivyowahi kuufikiria, na katika shina lake, juu kidogo ya kimo cha mtu, kulikuwa na kijimlango cheusi. Tappi alisubiri macho yazoee ukungu, maana aliona jambo lisilowezekana. Kijimlango hakikuipa nyumba kisogo. Kilikuwa kimeielekea. Kilikuwa kinatazama dirisha lile lile, moja kwa moja, bila jani la kukizuia.

Basi akajua ubao ulikuwa wa nini. Haukuwekwa ili yeye asitazame tu. Uliwekwa ili asitazamwe.

Alishuka ngazi bila viatu.

Daeng Rurung, mtu wa pwani, mpole, mwenye masikio yaliyozibwa pamba, alikuwa amekwisha kutia jeraha la kina cha shibiri nzima upande wa mteremko. Utomvu ulikuwa unamwagika mweupe kwenye upanga wa mashine, kwenye suruali yake, kwenye majani. Sampe alikuwa amesimama nyuma ya shina, upande ambao kijimlango hakiwezi kumwona. Hakuna aliyemsikia Tappi akija. Daeng aliona tu mkono wa mwanamke umeingia ndani ya jeraha, karibu na meno ya msumeno, akaizima mashine huku akipiga kelele.

"Mama! Una wazimu? Unataka nikukate mkono?"

"Mimi si mama wa mtu, ndivyo wanavyoniambia. Kata."

Daeng alitoa pamba masikioni. Aliutazama mkono, uliolowa maziwa ya mti mpaka kiwikoni. Akatazama blauzi iliyolowa. Akageuza macho haraka kwa heshima. "Bwana Sampe," alisema, "hukuniambia kama mti huu una wenyewe."

"Hauna mwenyewe. Tappi, panda nyumbani."

"Njoo huku mbele unifukuze," Tappi alimwambia. "Njoo usimame hapa nilipo mimi. Mbona umejificha nyuma?"

Sampe hakusogea.

"Ni nani aliyelichonga tundu hili?"

Daeng alikohoa. Kisha Sampe akasema, akiliambia gome la mti, "Wazee walikwenda kukata nyuzi za mlango. Waliniachia patasi. Walisema tundu litazame bondeni. Nikaona bondeni hakuna kitu, Tappi. Kuna mto na ukungu. Nikasema mtoto huyu atakaa peke yake anatazama ukungu? Nikalitoboa upande wa nyumbani. Mama alipojua alinipiga. Akasema nimekufunga tumbo kwa mikono yangu."

"Na ukanyamaza."

"Kila nikipanda ngazi ile najua yuko mgongoni kwangu. Nikila anajua. Nikilala anajua. Amenitazama tangu sina ndevu mpaka nina mvi. Nimechoka kutazamwa. Nilitaka kupumzika tu."

Tappi alimhurumia, na huruma ile ikamzidishia hasira.

"Wewe umechoka kutazamwa. Mimi je? Mimi sijamwona hata siku moja. Kulikuwa na mlango unanielekea, mama yako akapiga ubao, wewe ukapiga kimya, na mimi nikazunguka njia ya kanisani maisha yangu yote kama mwizi. Leo ndiyo mara ya kwanza namwona, Sampe. Mara ya kwanza. Na nimemkuta anakatwa."

Juu yao mtu alipiga kelele. Mama Allo alikuwa anateremka mteremko, saruni imeshikwa mkononi, na wanawake wengine nyuma yake waliosikia mashine ikinyamaza ghafla. Walipofika kwenye visiki vya mianzi wakasimama wote pamoja. Sharti la Mama Allo lilikwisha zamani, aliwapata wale saba, lakini hakuwahi kukanyaga pale. Hakuna aliyewahi. Woga ulikuwa umebaki miguuni baada ya sharti kuondoka.

"Daeng," Mama Allo aliita, na mdomo ule wa watu kumi ulikuwa umekauka. "Wewe uko karibu. Huko upande wa mto, kuna mlango?"

Daeng alizunguka shina, akatazama. "Hakuna mlango, Mama. Kuna makovu. Yamejifunga. Moja, jingine hapa, jingine... ni mengi."

"La kwangu lilikuwa la upande wa mto," alisema Mama Allo. "Wa kwanza wangu. Kabla ya Allo." Akakanyaga kisiki cha kwanza, akapita, akaenda mpaka kwenye shina, akaanza kupapasa gome kwa viganja viwili mahali penye makovu, asijue lipi ni lake. Wenzake wakamfuata. Hakuna aliyelia kwa sauti. Walipapasa tu, kila mmoja akitafuta.

Daeng Rurung aliufunga msumeno wake kwenye gunia. "Mianzi nimeichukua, na mianzi nitailipa," alisema. "Huu sikati. Mimi pia nimenyonya."

"Na nyati?" Sampe alisema. "Mama atazikwaje? Nitamwambia nini?"

"Mama amekwisha sema," Tappi alimjibu. Akanyoosha kidole chenye utomvu kuelekea juu.

Sampe alitoka nyuma ya shina ili aone. Aliliona dirisha liko wazi, na ndani yake, kwa mbali, kitu kidogo cheupe ambacho kilikuwa uso. Alisimama pale katikati, mamaye mbele, binti yake nyuma, hana tena mahali pa kujificha. Akakaa chini kwenye majani yaliyolowa.

*

Mama Sampe alikufa rasmi mwezi wa kiangazi. Nyati walikuwa weusi watupu, tena si wengi, na wana wa baba mdogo walikuja na miwani ya jua wakahesabu kwa sauti ili kila mtu asikie. Sampe alivumilia. Mti ulikuwa bado umesimama. Tappi na wenzake walikuwa wamelisiliba jeraha kwa udongo na samadi, wakalifunga kwa kamba, lakini majani ya upande wa mteremko yalikuwa yamegeuka manjano na hakuna aliyejua kama utapona. Sauti ile ya kunyonya baada ya mvua ilikuwa imekoma au haijakoma, Tappi hakumwambia mtu.

Siku ya kugawa nyama, mnadi alipanda jukwaani kama ilivyo kawaida. Kwetu huwezi kuchukua fungu lako kimyakimya. Jina lako huitwa mbele ya watu wote, nyama ikatupwa chini, ukatoka kwenye umati ukaiokota, na hapo kila mtu anajua wewe ni nani na unahesabiwa wapi. Tappi alikaa kwenye mkeka na wanawake, hakusikiliza sana. Fungu la mke wa Sampe lilikuwa linaitwa mwishoni siku zote, kwa jina la mumewe.

Aliona Sampe amesimama chini ya jukwaa, anamnong'oneza mnadi. Mnadi alikunja uso, akauliza kitu. Sampe akarudia, akaangalia vidole vya miguu yake.

"Mama Bulaan!" mnadi aliita.

Watu waligeuka huku na huko wakimtafuta mgeni. Vijana waliulizana ni nani huyo, ametoka kijiji gani. Wana wa baba mdogo walivua miwani. Ni wazee wachache tu waliotazama chini.

"Mama Bulaan!"

"Wewe," alisema Mama Allo, akimsukuma kwa kiwiko, machozi yamemjaa. "Unaitwa."

Tappi aliinuka. Mkono ulimwenda wenyewe kifuani, penye nguo nyeusi ya msiba, akapakuta pakavu. Akaelekeza uso chini kwenye mteremko, si jukwaani.

"Abee!" aliitika, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, ili ifike mpaka mtini.

Kisha akaenda kuokota fungu lake.